Msusi Asiyethubutu Kucheka

Saa nne asubuhi, saluni imejaa. Draya zinavuma, harufu ya mafuta ya nywele imepanda hadi darini, na msusi mmoja anayeitwa Redio, kwa kuwa hana kitufe cha kuzimia, ameanza kisa cha shemeji yake aliyekwama ndani ya gauni alilokuwa akilijaribu dukani.

Wote wanacheka, isipokuwa mmoja. Amesimama nyuma ya mteja, ameuma meno, macho ameyakodoa ukutani kama anayesomewa hukumu.

"Mwacheni Bi Nuna," anasema Redio. "Huyo hata umtekenye kwa unyoya, atakuuliza umelipia wapi."

Bi Nuna ndilo jina walilombandika. Ana miaka thelathini na mmoja na mkono mwepesi, na mistari anayogawa kichwani imenyooka kama imepigwa rula. Wateja wanampendea mikono, wanamsema kwa uso. Ana maringo, wanasema. Ana kisirani.

Ukweli ni kwamba akicheka, anaanguka.

Huo si msemo. Kicheko kikimshika, magoti yanalegea, kichwa kinaning'inia, kitana kinadondoka na mwenyewe anakifuata. Hubaki sakafuni kwa dakika moja au mbili, anasikia kila neno, lakini hawezi kuinua hata kidole. Kisha huinuka, hujipangusa, na kuanza kuwaeleza watu kwamba hajalewa.

Hiyo ni nusu ya balaa. Nusu ya pili ni usingizi, ambao humvamia mchana kweupe, awe anakula au anaongea na mtu. Usiku, pale unapotakiwa, unamkatikia vipande vipande. Mara nyingine huamka mwili umekufa ganzi, na mtu asiyekuwepo amesimama mlangoni.

"Watu wanasema nalala sana," anasema. "Silali mimi. Nasinzia. Hivyo ni vitu viwili, lakini nimechoka kueleza."

Amechoka kueleza tangu akiwa na miaka kumi na minne, na hajasahau hata mmoja kati ya waliomchosha. Anamkumbuka mwalimu wa hesabu aliyemsimamisha nyuma ya darasa ili usingizi umtoke; akalala kasimama, akaangukia kapu la taka. Anamkumbuka shangazi aliyemmwagia maji ya baridi na kuyaita dawa. Anamkumbuka mwajiri wake wa kwanza, mwenye duka la vitambaa ambamo wauzaji walikatazwa kukaa kuanzia asubuhi hadi jioni, aliyemwambia usingizi ni tabia ya watu wasio na malengo. Malengo alikuwa nayo. Alichokosa ni kiti.

Na ushauri? Huo hakuukosa. Lala mapema. Nawa uso. Punguza mawazo. Kunywa kahawa.

"Kahawa nimekunywa mpaka mkono ukanitetemeka kwenye kichwa cha mtu," anasema. "Nikawa nasinzia huku natetemeka."

Aliyeumia zaidi ni baba yake, fundi viatu mstaafu, mcheshi wa kuzaliwa. Ana kisa kimoja anachokipenda kuliko vyote, cha bwana aliyempeleka mbuzi wake kwa kinyozi. Kila alipofika pale bwana anapofungua mlango na kusema, "Mpunguze kidogo pembeni," binti alikuwa tayari yuko chini. Mzee akaacha. Sasa mwanawe akifika nyumbani, huzungumzia hali ya hewa.

Msione kwamba hakutafuta tiba. Kosa lake lilikuwa kudhani ana magonjwa mawili. Usingizi aliupeleka kwa daktari wa kawaida, akapimwa malaria, akapimwa tena, akapewa vidonge vya kuongeza damu. Magoti aliyapeleka kliniki ya mifupa, akapewa dawa ya kuchua na bandeji. Vyumba hivyo viwili vya hospitali ileile vinatenganishwa na ukuta mmoja. Miaka ikapita, ukuta ukabaki ukuta. Wa magoti hakuuliza habari za usingizi, wa usingizi hakuuliza habari za magoti. Kila chumba kilikuwa na foleni yake, na foleni haina masikio.

Kisha ikaja siku ya pasi ya nywele. Alisinzia nayo mkononi, ikagusa sikio la mteja. Jeraha lilipona, lakini mwenye saluni alikwisha kuhesabu hasara ambazo bado hazijatokea.

"Mwanangu, mikono yako naipenda," alimwambia. "Lakini siwezi kuendesha saluni na kikosi cha zimamoto. Pona, au tafuta pengine. Nakupa mpaka mwisho wa mwezi."

Akaomba rufaa, akapata, akafika kwa daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu. Alieleza habari za usingizi kama kawaida yake, kwa sauti ya mtu anayekariri. Daktari aliandika, akainua kichwa, akauliza, "Na ukicheka, inakuwaje?"

"Niligeuka nikatazama mlango," anasema. "Halafu nikamuuliza, nani kakwambia?"

Ugonjwa wake unaitwa narkolepsi. Ubongo hushindwa kulinda mpaka kati ya kulala na kuwa macho, kwa hiyo mambo ya usingizini yanavuja: mwili unalegea mtu akiwa macho, ndoto zinaanza kabla hajalala. Si uvivu wala si pepo, na hauambukizi. Hauponi, lakini unatulizwa: kwa vidonge, kwa kulala na kuamka saa zilezile, na kwa usingizi mfupi uliopangwa, mara mbili mchana.

Mara mbili mchana maana yake ni kazini. Lilelile kosa la kumfukuzisha kazi ndilo aliloandikiwa kuwa dawa.

"Kwa hiyo hospitali imekupa ruhusa ya kuzembea," mwenye saluni alimjibu. "Na mimi wataniandikia lini?"

Ndivyo mambo yalivyokuwa asubuhi ile ya shemeji na gauni. Bi Nuna aling'ang'ania ukuta kwa macho. Redio akafika pale muuzaji anapoleta mkasi na shemeji anakataa kukatwa kabla hajaambiwa bei. Kicheko kikapenya. Kitana kikaenda chini, na yeye akakifuata, kichwa kikagonga mguu wa kiti.

"Anaigiza huyo," alisema mwenye saluni. "Kaona mwisho wa mwezi umekaribia."

"Mama, kama anaigiza, mbona kichwa kimegonga kweli?" alisema Redio.

"Na mimi nani atanimalizia nywele?" aliuliza mteja.

Bi Nuna aliinuka, akaokota kitana, akakifuta, akashika msuko palepale alipouachia.

"Mama, umesema naigiza," alisema bila kugeuka. "Redio, umesema kichwa kimegonga kweli, ahsante. Na wewe dada, nakumalizia mimi, usihangaike. Sasa niambieni, mlevi gani anayasikia yote hayo? Nimewasikia miaka kumi na saba. Nimechoka kuwasikia nikiwa chini."

Mwenye saluni alikwenda kwenye pazia la stoo, akalisogeza, akalitazama benchi la taulo. "Ni fupi," alisema. "Utakunja miguu."

Tusimshangilie upesi. Kwa benchi hilo, Bi Nuna hufika saa nzima kabla ya wenzake ili kulipia dakika za dawa yake. Waliotunga sheria za kazi walikumbuka chakula na choo; usingizi wakauachia kila mtu na bahati yake. Vidonge vya mwezi mmoja humlia malipo ya vichwa vinane, na dirisha la dawa la hospitali limezoea kusema zimekwisha, kana kwamba dawa hujimaliza zenyewe.

Lakini jambo moja limebadilika. Mchana, mteja akija juu kuuliza yuko wapi yule msusi wake, mwenye saluni hujibu, "Anakunywa dawa. Subiri." Na kutoka nyuma ya pazia husikika mtu akikoroma.

Redio naye amejifunza. Kabla ya kuanza kisa husogeza kiti kwa mguu: "Shoga, kaa kwanza."

Bi Nuna ana mipango ya chumba chake mwenyewe, viti viwili na benchi refu. Lakini hilo ni la baadaye. La Jumapili hii ni jingine.

"Nimemwambia baba nakuja," anasema. "Nitakaa sakafuni, mgongo ukutani, mto pembeni. Nikilegea, asimame, aniangalie, halafu aendelee, maana nasikia. Nataka nijue kinyozi alimjibu nini yule bwana."