Punje Isiyonata Ulimini

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Maabara aliitikia shikamoo yangu, akanipa punje nyeupe na kusema, "Toa ulimi." Nikaiweka. Ikanata. "Hiyo ina vinyweleo," akasema, "vitundu visivyoonekana kwa macho. Vinakunywa mate yako. Isiponata, tupa." Kisha akanitazama meno. "Wewe ni wa Mtinko?"

Nikaziba mdomo. Maji ya kisima cha kijiji chetu yalijaa floraidi, na meno yetu yaliota yakiwa ya kahawia. Tulikua tukicheka huku tumeweka kiganja mdomoni.

Kazi yetu ilikuwa kutengeneza oksidi ya alumini ya kuchujia floraidi hiyo. Tulichanganya unga wake na maganda ya alizeti yaliyosagwa, tukafinyanga punje, tukazichoma kwenye tanuri. Maganda yakiungua yaliacha njia za maji, na floraidi ilinasa kwenye kuta za vinyweleo. Kisha tulipima punje ikiwa kavu, tukaichemsha, tukaipima imelowa. Tofauti ya uzito ndiyo maji iliyoyanywa. Vinyweleo vidogo zaidi vilipimwa Dar es Salaam, kwa mashine ya gesi ya nitrojeni.

Mkuu aliyemfuata huyo wa kwanza alikuwa msomi hasa, simnyimi sifa yake. Lakini punje zetu zilimomonyoka njiani, na wageni walikuwa wanakuja kukagua mtambo wa kuchujia maji wa Mtinko.

"Ongeza moto, mama," aliniagiza. "Ziwe ngumu, zing'ae."

"Moto huo utaziba vinyweleo, mzee. Unajua."

"Najua. Wageni wakiondoka tutabadilisha."

"Na watoto watakunywa nini mpaka hapo?"

Sikuongeza moto. Nilijaza mtambo punje zangu zilezile. Wageni waliona vumbi, watoto wakanywa maji safi, na mimi nikahamishiwa Shelui kusoma mita za maji hadi nikastaafu. Iliniuma sana, nisiwadanganye.

Vijana wa maabara, mashine zenu ni nzuri kuliko zetu. Zitumieni. Ila mkubwa akitaka king'aacho tu, mkatalieni usoni.

Siku ya kuniaga, mkuu yule, naye mstaafu, alikaa meza kuu. Wakanitunuku punje moja kubwa iliyochomwa kwa moto ule alioutaka yeye, ngumu, inang'aa, ndani ya kisanduku cha kioo. Nikaitoa, nikaiweka ulimini mbele ya watu wote. Ikateleza, ikadondoka mezani.

"Hii hainywi, mzee," nikasema, nikamsogezea. Nikacheka, mikono yote miwili mezani.