Barua Iliyonizuia Kwenda Tanga

Mwalimu alipolitaja jina langu, niliruka mpaka benchi likaanguka. Katika shule yetu ya serikali hapa Kilwa, mimi peke yangu nilichaguliwa kwenda shule kubwa ya Tanga! Nilikimbia hadi kwa mama mdogo, aliyenilea, nikapiga kelele tangu uani.

Alinikumbatia. Kisha akauliza, "Huko watakufundisha nini usichokijua?"

"Mama, wanaotoka huko ndio wanaoajiriwa bomani!"

"Hilo silo nililouliza, mwanangu."

Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha, njaa ndiyo iliyobaki. Siku tatu kabla ya meli yangu kuondoka, nilikwenda bomani kuchukua cheti cha safari. Nikamkuta mtu aliyeshuka kwa miguu kutoka Kipatimu, ameleta barua. Karani, kijana aliyesoma Tanga, aliifungua, akaigeuza, akaigeuza tena. Iliandikwa kwa herufi za Kiarabu, naye alizoea za Kizungu tu.

"Wewe hodari," akaniambia, "hebu soma."

Nami nikashindwa. Chuoni nilisoma Kurani yenye irabu zote. Mwandiko ule wa haraka, usio na irabu, haukunipa hata neno moja. Nikatoka mbio kumwita mama mdogo.

Alisoma palepale mlangoni pa boma, bila kusita: "Mvua imekaribia, na hatuna mbegu hata kibaba. Tunaomba mtama, upesi."

Hakungoja boma liamue. Alipita nyumba kwa nyumba, mimi nyuma yake na gunia. Kila mwanamke alitia alichoweza, wengine konzi moja tu. Kufika alasiri tulikuwa na magunia manne ya kupeleka Kipatimu! Nilitokwa jasho, nilicheka, nilitamani kupiga vigelegele kama wale wanawake.

Kesho yake nikamwambia mwalimu siendi Tanga. Alikasirika sana. Hata mama mdogo alinionya, "Usibaki kwa ajili yangu."

"Nabaki nisome kwako."

Basi tukaanza. Asubuhi alinifundisha mwandiko wake, jioni nikamfundisha herufi za Kizungu, naye alizishika upesi kuliko mimi nilivyoshika zake.

Miaka ikapita, mwenzangu aliyekwenda badala yangu akarudi karani mzuri, mwenye heshima. Tulibishana mpaka sauti zikatukauka, nani kasoma zaidi. Hakuna aliyekubali kushindwa.