Nusura jicho langu litolewe kwa sababu ya picha moja

Wakuu, niaje. Mimi huwa nasoma tu hapa, na kuandika hunichukua muda, kwa hivyo mnivumilie. Haya yalinipata mimi mwenyewe.

Nafanya welding, yaani kuchomelea vyuma, huko mtaa wa Riruta. Siku moja kipande kidogo cha chuma kiliniruka jichoni, nikaenda kliniki fulani tao, katikati ya jiji.

Daktari alikitoa vizuri. Kisha akachungulia ndani, akapiga picha moja, akasema nyuma ya jicho kuna kitu cheusi. Huenda ni saratani, na jicho litolewe mapema.

Akaniuliza kama nimeelewa. Nikasema ndiyo.

Sikuwa nimeelewa kitu.

Nilimwambia mjomba peke yake. Jumapili kanisa zima likaombea jicho langu. Jumatatu bosi akampa mwingine mashine yangu, mimi nikawekwa kupaka rangi. Eti fundi wa jicho moja atachomelea geti likae upande.

Mjomba akanipeleka kwa daktari wa pili, Kilimani. Huko mama mmoja wa mashine ya picha alinidunga dawa ya rangi mkononi, ili mishipa ya jicho ionekane. (Hakuna aliyeniambia mkojo ungegeuka rangi ya machungwa. Nilijua nimekwisha.)

Picha ya kwanza, kile kitu kipo. Ya pili, hakipo. Ya tatu, kipo tena.

"Kijana, mbona unaangalia ukuta?"

Nikamwambia naona haya kumkazia macho mtu mkubwa.

"Mimi si mama mkwe wako. Angalia taa."

Nikaangalia taa, kikapotea. Nikaangalia kando, kikarudi. Akamwita daktari, naye akabonyeza kope langu polepole huku akitazama ndani. Kikanywea kabisa.

"Uvimbe wa saratani haunywei hivi," akasema. "Huu ni mshipa wa damu, unajaa ukiangalia kando. Hauna shida. Rudi kazini."

Kumbe hata ile picha ya tao nilikuwa nimeangalia ukuta, na hakuna aliyesema neno!

Wiki tatu, wakuu. Nilikuwa nimeanza kufunga jicho moja ili nijifunze kumimina chai bila kumwaga.

Mashine nimerudishiwa, lakini pale kazini bado naitwa Jicho Moja.

Nilichojifunza ni hiki: kabla hujakubali kukatwa kiungo, omba upigwe picha tena kwingine. Na kama hujaelewa, sema hujaelewa, hata kama sauti inatetemeka.

Kuna mwingine hapa aliyewahi kumwitikia daktari "ndiyo" kwa sababu ya haya tu? Niambie. Nitajibu, ila polepole.