Vibarua Wawili kwa Wakulima

Baba mkwe wangu na mimi hatukai mahali pamoja, na si kwamba tumegombana. Ukoo wa mume wangu kule Masukulu bado unashika desturi ya zamani ya Wanyakyusa: mke wa mtoto akiingia sebuleni, baba mkwe anatoka. Tukiwa na la kuambiana, mama mkwe ndiye anayebeba maneno huku na huku. Mimi niliyekuja Tukuyu kwa ajira, nikaolewa hapa, mwanzoni niliona ni usumbufu mtupu. Baadaye ikanifaa, na hapo ndipo aibu yangu ilipo.

Kazi yangu ni kutunza seva ya chama cha wakulima wa parachichi. Kila Jumatatu asubuhi wakulima wanafungua ukurasa kwenye simu na kuchagua siku ya gari la kukusanya mazao kupita kwao. Usipopata siku, gari halisimami kwako.

Ombi la mtu likifika kwenye seva, kuna programu mlangoni inayolisoma na kuamua lihudumiwe na fungu lipi la vibarua. Nawaita vibarua, lakini ni nakala za programu ya kuchakata skripti, yale maagizo yanayotengeneza ukurasa; kila moja inashughulikia ombi moja kwa wakati. Wote wakiwa kazini, anayefuata anasubiri. Seva yetu ilimudu vibarua ishirini na wawili, na wote walikuwa fungu moja, wakimhudumia yeyote aliyebisha.

Kisha wakaja wanunuzi kutoka nje kutazama ripoti zetu. Meneja alitaka kurasa zifunguke mara moja, nami nikagawa mafungu: ishirini kwa ofisi, wawili kwa simu za wakulima. Siku hiyo ripoti zilifunguka kabla mtu hajaondoa kidole. Meneja alinisifu mbele ya wageni, na mimi kichwa kikavimba. Nilipanga kurudisha wakiondoka. Wakaondoka Ijumaa, sikurudisha. Ningependa kusema nilisahau, lakini sikusahau. Nilitaka kusifiwa tena.

Jumatatu mama mkwe akapiga simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Baba yako anasema ule ukurasa unazunguka tu, haufunguki. Tangu saa moja asubuhi yuko nao."

Nilifungua kumbukumbu za seva huku nikimsikiliza. Mstari baada ya mstari ulisema jambo moja: fungu la wakulima limejaa, vibarua wote wawili wana kazi. Jibu lilikuwa mbele ya macho yangu.

"Ni mtandao wa huko, mama," nikasema. "Mwambie apande kilimani kidogo."

Nilimsikia akimfikishia, na kwa mbali sauti ya mzee: "Haya." Akapanda, na goti lake bovu, mvua inanyesha, simu kaifunga kwenye mfuko wa nailoni. Wiki iliyofuata mama akapiga tena, nikasema vilevile, safari hii bila hata kufungua kumbukumbu. Mzee angeniuliza mwenyewe akinitazama, sidhani kama ningethubutu. Lakini hakuweza kuniuliza mwenyewe, na mimi nililijua hilo vizuri sana.

Gari likapita Masukulu bila kusimama kwake. Parachichi zake zikapevuka, zikadondoka, nguruwe wakala walizotaka.

Mama alikuja Tukuyu na kiroba cha zile zilizookotwa chini. "Chagueni zenye nafuu, mle na watoto," alisema. Halafu, akicheka kwa fahari, akanisimulia mkutano wa wakulima. Watu walikuwa wamewaka, wanasema ofisi imewafungia mlango makusudi. Mzee akasimama. "Akawaambia, mkwe wangu ndiye anayeutunza huo mtambo, ameupima, hauna shida. Shida ni mtandao wetu. Wakanyamaza wote, maana baba yako wanamjua, hasemi uongo. Ndaga fijo, asante sana mwanangu, umetupa heshima."

Nilikuwa nimepasua parachichi. Ndani lilikuwa jeusi. Nililishika tu, sikujua niliweke wapi.

Jioni ile nikawarudisha vibarua wote kwenye fungu moja na kuiwasha programu upya. Haikuchukua hata dakika. Mzee alipanda kilima mara mbili kwa sababu ya kazi ya dakika moja! Kisha nikamweleza mama kila kitu. Akauliza, "Basi nimpelekee hayo?"

"Hapana mama. Haya nitayasema mwenyewe, mbele ya wote."

Mkutano uliofuata ulikuwa kwenye darasa la shule ya msingi. Mzee alikuwa ameketi dawati la mbele, kofia magotini. Nilisita mlangoni, nikimsubiri atoke kama kawaida yetu. Hakutoka. Aliinamisha macho, akakaa palepale, na nikaelewa kwamba ameivunja desturi kwa ajili yangu, anisikie mimi, mkwe wake, nikithibitisha aliyoyasema yeye.

Nikawasalimu. Nikasema mtandao wao haukuwa na kosa, kosa lilikuwa langu, na baba aliwaambia kile nilichomwambia mimi. Nikasema nilijua, na nilimdanganya.

Hapo ndipo alipoinuka, akavaa kofia yake, akatoka.