Mwenye Picha ya Bourges

Ghanim alistaafu serikalini akiwa makamu mkurugenzi wa idara ambayo watu wengi hawakujua kazi yake. Alibaki na nyumba Qurum, mjini Muscat, na imani kwamba yeye ni mpiga picha. Imani hiyo aliipata siku aliyonunua kamera. Ilikuwa na lenzi nene kama mchi, na popote alipokwenda ilining'inia juu ya tumbo lake, mara nyingi kifuniko hakijatolewa. Kila mwaka alikwenda Paris wiki mbili, akarudi na picha za ule mnara wa chuma, kisha akawakalisha jamaa zake sebuleni wazitazame zote, hata zile zilizoingia kidole chake.

Dada yake Kheiria, mdogo wake kwa miaka sita, alikuwa mtu wa namna nyingine. Kwa miaka thelathini alichora ramani za majengo katika kampuni ya wahandisi, huku akilea watoto peke yake baada ya kufiwa na mume. Kulikuwa na jengo moja alilotaka kuliona kabla hajazeeka: kanisa kuu la Bourges, mji wa katikati ya Ufaransa ambao wageni wengi huupita bila kuteremka. Alilisoma chuoni, akachora ramani yake kwa mkono, na halikumtoka kichwani. Watoto walipokwisha kuoa na kuolewa, akasema anakwenda.

Ghanim akatangaza kwamba mwanamke wa ukoo wao hasafiri peke yake. Kheiria alikuwa na miaka hamsini na minne, na mara tatu alishaendesha gari peke yake mpaka Salalah, safari ya kilomita elfu. Hakubishana. Alimwambia tu tarehe ya ndege, naye Ghanim akakata tiketi yake.

Bourges haikumpendeza Ghanim. Maduka yalifungwa mchana, hotelini hapakuwa na mtu wa kubeba mizigo, na kubwa zaidi, hakuna hata mmoja Muscat ambaye angelitambua lile jengo kwenye picha. Akauliza mtu anawezaje kupanda ndege saa zote zile kutazama kitu kisichojulikana. Tena kanisa. Watu wangesemaje?

"Nnatazama ujenzi, Kaka," Kheiria akamjibu. "Kusali nnasali hotelini."

Ghanim alifika mbele ya milango mitano ya kanisa, na juu yake watakatifu na mashetani wa mawe wamejazana. Akaipa mgongo, akamwomba mpita njia ampige picha yeye. Kisha akaenda mkahawani kuilalamikia kahawa, na huko ndiko alikoshinda siku zote mbili.

Kheiria siku ya kwanza alikaa tu kwenye kiti, akitazama nguzo zinavyopanda. Asubuhi ya pili alikuwapo mlango ulipofunguliwa. Alikuwa na simu yake, basi. Mzee mmoja aliyekuwa akifagia alimwona anahangaika na mwanga, akamwashiria kwa mkono kwamba asubiri, wingu litapita. Wakasubiri pamoja, hakuna anayejua lugha ya mwenzake. Jua lilipotoka, rangi za dirisha zikamwagika sakafuni, nyekundu na buluu, mpaka juu ya viatu vya mzee na ufagio wake. Kheiria akapiga picha moja. Baadaye alimwambia binti yake Hajar kwamba alilia kidogo, wala hakuona haya.

Kwenye treni ya kurudi Paris, Ghanim alimwomba amrushie picha zake azitazame. Akamrushia.

Miezi miwili baadaye, wapenda picha wa mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, Muscat, waliandaa maonyesho madogo. Ghanim hakumwambia dada yake. Hajar aliona tangazo, akampeleka mama yake. Picha ya mfagiaji ilikuwa ukutani, kubwa, na chini yake jina la Ghanim. Mwenyewe alisimama pembeni kwa kanzu mpya na kilemba, kamera tumboni, akieleza habari za subira. Alisema alingoja saa nne nzima. Alisema mkono wa mtu mzoefu hautikisiki.

Hatem, mwalimu wa upigaji picha aliyealikwa kuchagua picha bora, alimuuliza jambo jepesi: mwanga ule ulitoka wapi, na ilikuwa saa ngapi? Ghanim akasema jioni, jua likizama, kupitia mlango mkubwa.

"Asubuhi, saa tatu na robo," Kheiria akasema kutoka nyuma ya watu. "Dirisha liko mashariki, nyuma ya madhabahu. Wewe ulikuwa mkahawani, Kaka."

Ghanim akacheka, akasema dada yake siku ile alimshikia mkoba tu, labda amechanganya. Kheiria akapita katikati ya watu. Alimpa Hatem simu. Picha ilikuwamo, na tarehe na saa yake. Hatem akatoa kalamu, akakata jina, akaandika jingine. Hakuna aliyemzomea Ghanim. Walimwacha amesimama, wakaenda kumuuliza Kheiria habari za mzee mwenye ufagio.

Siku hizi Ghanim husema yeye ndiye aliyemfundisha dada yake kupiga picha, na kwamba jina lile alimwachia kwa hiari. Wanaomsikia hunyamaza kwa heshima ya umri wake. Msamaha hajauomba.

Mwezi wa tano Kheiria na Hajar walikwenda Laon, mji mwingine wa Ufaransa, kutazama kanisa lenye sanamu za ng'ombe juu ya minara. Ghanim aliposikia, alisema asingeweza kufuatana nao, ana shughuli nyingi, ingawa hakuna aliyemwalika. Wao walikaa Laon siku nne, na mbili kati ya hizo ilinyesha mvua.