Kazi ya Nne ya Minza

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa gauni jepesi, kwa kuwa mji ule wa pwani ulikuwa na joto la kukosesha usingizi, nikaingizwa kwenye chumba chenye baridi ya kutetemesha meno. Baridi haikuwekwa kwa ajili yetu, iliwekwa kwa ajili ya mashine. Kompyuta ya chuo kikuu ilijaza chumba kizima, na ikipata joto iligoma. Mkuu wa Idara, mtu mrefu asiyependa maneno mengi, alinitazama nikijikunyata, akaagiza niletewe koti la maabara. Kisha akanieleza kazi yangu. Nilikuwa msaidizi wa mafunzo: kupokea kazi za wanafunzi, kuzikagua, na kuzifikisha kwenye mashine kwa wakati.

Ninyi mnaobeba kompyuta mfukoni hamtaamini tulivyofanya. Mwanafunzi aliandika programu yake kwa penseli, kwenye karatasi za miraba, kila herufi kwenye mraba wake. Mabinti wa chumba cha pili walizitoboa zile herufi kwenye kadi ngumu, mstari mmoja kadi moja. Kadi zikafungwa kwa mpira, zikalishwa kwenye mashine, nayo ikatapika majibu kwenye karatasi ndefu, au ikatapika makosa. Ukikosea herufi moja ulirudi mwanzo na kupanga foleni upya.

Ndiyo maana tulikuwa wakali kwa wachelewaji. Mashine ilikuwa moja tu, na idara za serikali nazo ziliisubiri. Zamu yetu ikipita bila kazi yako, imepita. Kanuni ilisema aliyechelewa apewe sifuri, nami nilizigawa sifuri hizo bila kupepesa macho. Wanafunzi waliniita Bi Saa. Nililisikia jina hilo, na nililipenda.

Kanuni ya pili ilihusu kushirikiana: kujadiliana ruksa, kuandika ni kila mtu peke yake. Watakaoandika pamoja wafutwe kwenye kozi. Hapo vijana walitubana, maana ilikuwa miaka ya Ujamaa na redioni tulihimizwa asubuhi na jioni tufanye kazi pamoja. Kijana mmoja alimuuliza Mkuu wa Idara kwa nini pamba ilimwe kwa pamoja na programu iandikwe kwa uchoyo. Mkuu alivua miwani, akaifuta taratibu.

"Shamba la pamoja tunavuna pamoja," alisema. "Cheti atakibeba mmoja. Nataka nijue huyo mmoja anaweza nini."

Nililipenda jibu lile na nalipenda mpaka leo.

Baada ya misimu michache chuo kilianzisha kozi za nje, kwa walimu na makarani wa mikoani. Mratibu wa kozi hizo, aliyeandika kanuni zote mbili kwa mkono wake, alikuwa mtu wa suti za mikono mifupi zilizonyooshwa hata zikasimama zenyewe. Alipouliza nani atakubali kwenda Bariadi, nikanyoosha mkono. Mimi ni mtoto wa Binza, pale Maswa, nilikokulia nyuma ya kaunta ya duka la baba nikipima sukari. Nyumbani tulisema Kiswahili, Kisukuma nilikiokota kwa wateja. Wenzangu walinionea huruma kana kwamba nimefungwa jela. Mimi nilikuwa narudi kwetu.

Mkoa wa Simiyu haukuwepo bado, tulikuwa chini ya Shinyanga. Darasa letu lilikuwa chumba cha shule ya msingi tulichoazimwa jioni, na mashine hatukuwa nayo. Wanafunzi waliandika karatasi zao, nami nilizikusanya na kuzipakia kwenye basi la Mwanza Ijumaa asubuhi, ziendelee na safari hadi pwani. Majibu yalirudi wakati mtu ameshasahau aliuliza nini. Kuchelewa kwa Bariadi, basi, kulikuwa na maana nyepesi: dereva amepiga honi na wewe hujafika.

Katika darasa lile nilikuwa na Minza, mwalimu wa shule kule Nkololo, binti mwembamba aliyekuja kwa baiskeli na kukaa mbele. Aliweza kuitazama programu na kukuonyesha itakapokwama kabla haijaona mashine. Nilikuwa pia na Masanja, karani wa pamba kutoka Mkula, aliyepanga chumba mjini kwa ajili ya kozi, mtu wa vichekesho na moyo mkubwa, ambaye programu zake zilikwama kila mahali.

Kanda yetu ilipewa nafasi moja ya kwenda kusoma shahada chuoni. Ingekwenda kwa atakayeongoza, na aliyekuwa akiongoza ni Minza. Nyumbani kwao ng'ombe wa mahari walikwisha kutajwa. Baba yake ndiye aliyewazuia, akisema binti amalize kwanza. Baba wadogo walinung'unika, lakini mzee alikuwa hai na neno lilikuwa lake.

Mzee akafariki wiki ya kazi ya nne, kazi ya mwisho na yenye alama nyingi kuliko zote. Programu ilitakiwa ipange vijiji kwa uzito wa pamba yake. Minza alikwenda msibani kabla hajaandika hata mraba mmoja.

Ijumaa ile nilifika stendi na mfuko wangu. Masanja akaja, akanisalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," yaani umeamkaje, mama, akanikabidhi kazi yake, kisha akanikabidhi nyingine yenye jina la Minza. Nilifungua ukurasa wa kwanza nikaona mwandiko wa mwanafunzi wangu mwingine, mfanyakazi wa posta. Wa pili ulikuwa wa mwalimu wa Sayansi, naye wa darasa hilo hilo. Wa tatu herufi zilikuwa nene na zimelala kama zimechoka: Masanja mwenyewe. Hawakujaribu kuficha chochote.

"Hii ni nini, Masanja?"

"Tumemlimia," alisema. "Kila mtu na kipande chake. Mayu, wewe ni wa hapa hapa, unajua. Mfiwa hashiki jembe."

Nilijua. Vijijini kwetu msiba ukiingia, jirani hawaendi shambani kwao mpaka wazike, na wakirudi shambani wanaanzia kwa mfiwa, magugu yasije yakamzidi huku analia. Hakuna anayeomba ruhusa na hakuna anayeomba kushukuriwa. Hawa watu wazima walikuwa wamefanya kile walichofundishwa tangu utotoni, tena kwa mapenzi, na kwa kufanya hivyo walikuwa wamevunja kanuni inayofuta darasa zima. Moyo uliniuma, nasema kweli. Lakini ile programu haikuwa ya Minza.

"Siipokei," nilimwambia. Basi likaondoka na kazi zao, ile yenye jina la Minza nikabaki nayo mkononi.

Nilikwenda posta kupiga simu kwa Mratibu, maana ingekuja kujulikana tu, na nilitaka aisikie kwangu. Wakati ule simu ya mbali ulipiga kwa kupayuka, kwa hiyo mji mzima ulisikia nikieleza. Mratibu naye alipayuka: wafutwe wote, na yeye anakuja kusikia kwa masikio yake kabla hajatia saini. Masanja alipopata habari hakufanya kichekesho tena. Alichoniuliza ni kitu kimoja tu: je, na Minza atafutwa? Nikamwambia naye yumo.

Mratibu alifika suti yake ikiwa nyekundu kwa vumbi, akataka twende Nkololo moja kwa moja akamhoji Minza. Tuliazima gari la wilaya. Tulipokaribia kaya ya kina Minza tukakuta watu wameinama shambani kwa marehemu, mistari kwa mistari, na Mratibu akauliza ni kibarua cha nani. Nikamwonyesha: yule wa posta, yule mwalimu wa Sayansi, na yule anayelima matuta yaliyopinda ni Masanja. Wale waliokuwa wanasubiri kufutwa walikuwa wanapalilia pamba ya mfiwa.

Tulitoa pole, tukakalishwa. Minza alikuja na kitambaa kichwani, macho yamevimba. Hakuwa na habari. Nilimweleza mwenyewe, kwa sauti ndogo, nikampa lile bunda. Alizipitia karatasi zote, na kwenye ile ya Masanja akatabasamu kidogo, nadhani aliona ilipokwama. Kisha akamgeukia Mratibu.

"Wamenitendea wema, na sitawakana," alisema. "Lakini mimi sikuandika hata herufi. Nikienda chuoni kwa hii, kila mashine itakaponijibu nitajiuliza kama ni mimi. Nipe sifuri yangu, baba. Wao uwaache."

Alijua alichokuwa anakiacha. Baba zake wadogo walikuwa wameketi pale pale, wakisikiliza.

Mratibu akaniuliza mimi kanuni inasemaje. Nilimjibu kwamba kanuni inatoa sifuri kwa mchelewaji, na haimtaji mfiwa, kwa sababu aliyeiandika alikuwa anaishi ghorofani bila jirani. Maneno yalinitoka kabla sijayapima. Nikaanza kuhesabu vitu vyangu vya kufungasha.

"Andika," alisema Mratibu. "Darasa zima likatwe nusu ya alama za kazi ya nne. Hizi karatasi zichomwe. Binti amalize matanga, halafu aandike ya kwake, peke yake, mbele yako. Mashine itamsubiri."

Mashine ile haikuwahi kumsubiri hata mkubwa wa serikali. Ilimsubiri Minza. Alikuja akaandika darasani nikiwa nimekaa mbele yake, akasimama mara moja tu kwenda kulia nje, akarudi akamaliza. Safari ya kwanza programu yake iligoma, kama za wote. Ya pili ikapanga vijiji vyote sawasawa. Alipata nafasi, na wale ng'ombe wakabaki kwa mwenyewe.

Kanuni ikaongezwa kifungu: mwenye msiba huongezewa muda, kazi huandika mwenyewe. Nilikisimamia Bariadi, baadaye Mwanza, mwisho pwani nilikomalizia utumishi. Vijana wengine walikifanyia ujanja. Nakumbuka mmoja aliyefiwa na bibi yule yule kila muhula. Huyo nilimpa pole, na sifuri.

Mkiniuliza sasa kama zile kanuni zilikuwa za haki, nitasema ndiyo, na ningezisimamia tena. Elimu inayoandikwa na wenzako haikai kichwani mwako. Ila kuna mambo ambayo kazi haikunifundisha, nikayajua baada ya kustaafu.

Nilirudi Bariadi na mume wangu, tukajenga nje kidogo ya mji, tukalima karanga na choroko. Mwaka juzi, mvua zikiwa zimekolea, mume wangu alifariki. Baada ya mazishi nililala ndani nisijali jua wala shamba. Asubuhi moja nikasikia majembe.

Nilitoka mlangoni. Masanja alikuwepo, mzee sasa, mgongo umepinda kama matuta yake. Yule mwalimu wa Sayansi alikuwepo pia. Yule wa posta hayupo duniani, alikuja mwanawe. Na mwishoni mwa shamba, akiwa amevaa viatu vya mjini na amelishika jembe kama chaki, alikuwepo Minza, profesa mwenye mvi, aliyesafiri kutoka pwani.

"Mwangaluka, mayu," aliniambia. "Usituulize nani kalima wapi."

Sikuwa na haja ya kuuliza. Ile mistari niliitambua mmoja mmoja, kama nilivyoitambua ile miandiko Ijumaa ile ya stendi: ulionyooka, uliorukaruka, uliopinda, na ule wa Minza ulioacha magugu kila hatua. Niliipitia yote mpaka mwisho wa shamba, machozi yakinitoka.

Safari hii niliipokea.