Nilitoka Kwenye Foleni ya Kura Nikidhani Naota

Jamani, mimi niliwahi kuruka kutoka juu ya marobota ya vitambaa, saa saba mchana, macho makavu, nikiamini nimelala na naota.

Cheka tu. Hata mimi kuna siku nacheka. Ila goti langu la kushoto mpaka leo halijaona kichekesho.

Mimi ni fundi cherehani. Kiwanda chetu kinashona sare za shule, tuko wafanyakazi arobaini na mmoja. Mlango wa nyuma ulikuwa unapigwa kufuli kutwa nzima. Msimamizi alisema eti tunaiba vitambaa.

Siku moja meza ya pasi ikashika moto. Moshi ukajaa, wote tukagombania mlango mmoja wa mbele. Wifi yangu, mke wa kaka, ambaye pale kazini wanamwita Sindano kwa wembamba wake na ulimi wake, aliangushwa akavunjika mkono.

Tangu hapo usingizi ukanipiga chenga. Ndoto ni ile ile: moshi, kufuli, nagonga mpaka naamka nimelowa jasho.

Nesi mmoja, jirani yetu, akanifundisha ujanja.

"Mchana kutwa, soma namba yoyote. Angalia pembeni, halafu isome tena. Ikibadilika, ujue unaota. Na ukishajua unaota, wewe ndiye bosi wa ndoto."

Nikawa natumia futi yangu, ile kamba ya kupimia ninayoning'iniza shingoni. Nasoma, naangalia pembeni, nasoma tena. Wenzangu wakaanza kunong'ona kwamba nimechanganyikiwa.

Wiki ya tatu, katikati ya moshi wa ndotoni, nikasoma kumi na tisa. Nikarudia: mia tatu. Kumbe naota! Nikapanda juu ya marobota ya stoo, nikaruka, nikapita kwenye dirisha la juu nikaelea nje.

Utamu wake siwezi kuusimulia. Nikawa naitafuta ile ndoto kila nikifumba macho, na mchana nasoma futi bila kupumzika.

Sasa njoo kwenye uchaguzi.

Mwenye kiwanda alikubali tuchague mwakilishi wetu. Wagombea wawili. Sindano alikuwa na ajenda moja tu: kufuli litoke. Mwingine tulimwita Chapchap, mpwa wa msimamizi, yeye anasema mambo ya milango tuwaachie wakubwa. Kura zinapigwa saa ya chakula, kengele ikilia basi.

Asubuhi ile nilichelewa, nikasahau futi nyumbani. Nikaazima ya mwenzangu, mpya kabisa.

Foleni ilikuwa ndefu. Karani wa ofisi amekaa na orodha ya majina, sanduku la kura pembeni yake. Mimi roho juu juu, miguu haitulii. Nikashika futi, nikasoma: ishirini na tatu.

Nikamwangalia Sindano. Amesimama na mkono wake wenye plasta, ananikonyeza.

Nikasoma tena: hamsini na nane.

Moyo ukafanya pah! Naota. Na kama naota, moshi uko njiani. Tena kura ya ndotoni itamsaidia nani?

Nikatoka kwenye foleni taratibu. Stoo ilikuwa wazi, hakuna mtu. Nikapanda marobota mpaka juu, nikalenga dirisha, nikajirusha.

Sikuelea hata kidogo.

Nilitua sakafuni kwa goti. Maumivu yale, we acha tu! Ndotoni sijawahi kuumia hivyo. Futi imenizunguka mkononi, nikaitazama vizuri. Upande huu inchi, upande wa pili sentimita; kumbe ilikuwa imejigeuza tu. Inchi ishirini na tatu ni sentimita hamsini na nane. Futi yangu ya nyumbani ni kuukuu, sentimita zilishafutika zote, ndiyo maana nilishasahau kama kuna upande wa pili.

"Mama yangu!"

Nikajikokota hadi mlangoni. Umefungwa! Mtunza stoo alifunga akaenda kupiga kura, hana habari kama kuna mtu ndani. Nikagonga, nikapiga kelele. Nani atasikia, watu wote wako kwenye ukumbi wa chakula. Nikaisoma ile futi, nikaisoma tena, namuomba Mungu namba ibadilike. Haikubadilika. Kengele ikalia.

Mtunza stoo aliporudi alishtuka. "Wewe! Unafanya nini humu?"

"Usiniulize, kaka."

Ukumbini Sindano akanidaka. "Wifi, umepiga?"

"Nimepiga."

Uongo ulitoka wenyewe. Ningemwambiaje mtu mwenye plasta kwamba nilikwenda kupaa?

Karani akasimama. "Sindano, ishirini. Chapchap, ishirini na moja. Jumla arobaini na moja. Hongereni, hakuna aliyekosa!"

Upande wa Chapchap wakashangilia. Sindano akakaa chini, akafunika uso kwa mkono wake mzima.

Arobaini na moja? Na mimi je?

Mle ndani, ukimtoa aliyeipika hesabu ile, ni mimi tu niliyejua ni ya uongo. Lakini nikisema, wifi yangu anajua nimemdanganya dakika tano zilizopita, na kiwanda kizima kinajua kichaa changu. Nikaishika futi. Ishirini na tatu. Ishirini na tatu. Nikaona haya sana.

Nikasimama. "Mimi sijapiga kura."

Watu wote wakanigeukia.

Karani akatabasamu. "Mama, jina lako hili hapa. Umetia sahihi."

"Ilete niione."

Ilikuwa sahihi nzuri, ya mikunjo mikunjo. Mimi huwa naandika jina langu kwa herufi kubwa, kama mtoto wa darasa la kwanza, na kila anayeniona nikisaini mshahara analijua hilo.

Mtunza stoo akakohoa. "Nilimfungia stoo bila kujua. Nimemfungulia baada ya kengele."

Ukumbi ukalipuka. Mwenye kiwanda akaitwa, orodha ikakaguliwa, kura zikarudiwa kesho yake.

Jioni nilimweleza Sindano yote, mpaka habari ya kupaa; alisikiliza, akanigeuzia mgongo akaenda zake. Asubuhi kwenye foleni akaja akasimama nyuma yangu.

"Leo nakulinda mpaka karatasi iingie. Ukitaka kupaa, paa ukishapiga."

Alipata ishirini na tano. Kufuli likatoka wiki ile ile.

Bado naota moshi mara moja moja, na bado nasoma futi. Lakini kuna jambo linalonikosesha raha kuliko ndoto. Nilipotoka kwenye ile foleni nilidhani kura yangu imekaa tu mahali, haimdhuru mtu. Kumbe walishaichukua, wakampigia Chapchap kwa jina langu, na ndiyo iliyokuwa inamwacha wifi yangu ndani ya moshi, mlango umefungwa.